Diski na Wimbo wa Mbuzi

Kila asubuhi Delphine Hynes alishindana na kompyuta yake. Alichomeka kamera, akachomeka diski, akabonyeza kitufe cha kunakili, kisha akaenda jikoni kuweka birika. Kazi ya kompyuta ilikuwa kuhamisha picha za jana kutoka kwenye kamera kwenda kwenye diski. Kazi yake yeye ilikuwa kunywa chai na kumaliza kipande cha mkate wa molasi. Kompyuta ilishinda kila siku. Chai ingali inafuka, kikengele cha kompyuta kingelia, na Delphine angesema peke yake, "Haya, umenipata tena." Alikuwa msichana wa kuongea na vitu zaidi kuliko na watu.

Alhamisi ile alishinda yeye. Alimaliza mkate, akamaliza chai, akaosha kikombe na kukifuta, kikengele kimya. Aliporudi mezani alikuta mstari wa kijani umefika robo ya safari na kukwama hapo, kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Aliusubiri. Ukasogea unywele mmoja.

"Unaumwa?" akaiuliza diski.

Diski haikujibu. Ilikuwa ya aina ya kisasa, isiyo na sahani inayozunguka ndani wala mlio wowote, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Tangu baridi ianze ilikuwa ikivaa kimfuko cha sufu, mistari ya bluu na nyeupe, chenye tundu dogo pembeni la kupitishia waya. Kimfuko hicho kililetwa na Selby Keeping, jirani wa nyumba ya tatu. Sallow Cove ni kijiji cha watu wasiobisha hodi. Mtu hufungua mlango, huvua viatu, huketi jikoni, ndipo huuliza kama kuna mtu. Selby peke yake ndiye aliyekuwa akiishia barazani. Siku ile alisimama hapo, theluji mabegani, macho yake yakitazama viatu vyake.

"Mama kakufumia hiki," alisema. "Ni cha hicho kidude chako. Nyumba yako ina baridi sana."

Akaondoka kabla Delphine hajapata neno la kumkaribishia.

Wiki nyingine yoyote, diski kukwama lingekuwa jambo la kuchekwa tu. Lakini Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, kijiji kizima kilikuwa kikutane kwenye ukumbi wa kanisa, na Mjomba Hedley Snook, mzee ambaye kila mtu humwita mjomba, alikuwa aimbe wimbo wa mbuzi, Delphine akiurekodi. Jumatatu feri ingemchukua kwenda kuishi kwa binti yake Alberta, mbali na bahari, na hakuna aliyejidanganya kwamba angerudi.

Wimbo wa mbuzi ulikuwa mrefu kuliko mahubiri. Unasimulia mbuzi aliyeruka kutoka kwenye meli ya chumvi, akapita nyumba kwa nyumba katika kisiwa walichokaa wazee kabla serikali haijawahamishia bara. Kila ubeti nyumba yake: nani aliishi humo, mbuzi alikula nini, nani alimfukuza na ufagio wa namna gani. Nyumba zenyewe zilikwisha kuoza zamani. Zilibaki kwenye kichwa cha Mjomba Hedley na mikononi mwake, maana aliimba akionyesha kwa kidole mlango ulielekea wapi na kisima kilikuwa upande upi. Na karibu na mwisho kabisa palikuwa na ubeti wa Thirza, bibi yake Delphine, ambaye nyumba yake ya kisiwani Delphine hakuwahi kuiona hata kwa picha. Ubeti huo aliusikia mara moja tu, akiwa mdogo, akalala kabla haujaisha.

Sasa Mjomba Hedley alikuwa na tabia yake moja. Ukimkatiza, hawezi kuendelea alipoachia. Lazima aanze mwanzo. Na alishatangaza dukani, mbele ya watu, "Pumzi ya kuanza mara moja ninayo. Ya kuanza mara mbili, labda mnikopeshe."

Kamera iliyonunuliwa na kamati ya kijiji ilirekodi picha nzito, ikiziandika moja kwa moja kwenye diski. Diski ikizembea, kamera huzima taa yake nyekundu na kuacha kurekodi. Simu Delphine alipanga kuiweka ya akiba, ila alikwisha kuijaribu ukumbini: ilinasa vijiko vya chai vizuri kuliko mwimbaji, na picha ilikuwa ya mtu aliyefunikwa na ukungu.

Basi akakaa chini kutafuta ugonjwa, kwa utaratibu aliofundishwa chuoni mjini St. John's: badilisha kitu kimoja, pima, rudisha, badilisha kingine. Akabadilisha waya. Vilevile. Akahamisha tundu la kuchomekea. Vilevile. Akatazama nafasi iliyobaki, akakuta diski imejaa hadi shingoni, akafurahi kama aliyemshika mwizi. Akahamishia mafaili ya zamani kwenye diski nyingine, akayafuta hapa, akaiamuru diski iachilie kabisa nafasi zilizofutwa ili isihangaike kuzisafisha wakati wa kuandika. Akapima. Megabaiti mia tano kwa sekunde, kama ilipokuwa mpya.

"Umeona?" akaiambia. "Ulishiba tu."

Akaacha kipimo kiendelee huku akiongeza kuni jikoni. Siku hizo nyumba yake ilikuwa na raha isiyo ya kawaida. Jumatano alikuta rundo la kuni kavu za mbetula barazani, zimepangwa vizuri, mwenye kuzileta hayupo, na kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi yaanze aliweza kukaa ndani bila koti. Aliporudi mezani, namba ilikuwa imeporomoka hadi thelathini.

Ijumaa nzima ilikuwa hivyohivyo. Diski ilianza kwa mbio, baada ya muda ikatambaa. Akiiacha ipumzike, inaamka na mbio zake. Akiifanyisha kazi ndefu, inatambaa tena. Alijua diski za namna ile zina sehemu ndogo ya mbele inayopokea data upesi, na sehemu hiyo ikijaa kasi hushuka. Lakini hii aliipimisha kazi ndefu hivyohivyo mwezi wa kumi, ilipokuwa mpya, na haikuyumba. Aliangalia kila kitu alichoweza kukiangalia. Kimfuko cha sufu hakukigusa, kwa kuwa hakikumjia akilini kama kitu cha kuangaliwa. Nani anakagua zawadi?

Jumamosi alikwenda ukumbini kufanya jaribio la mwisho. Mjomba Hedley alikuwapo, amekaa karibu na jiko la kuni, kofia masikioni, amekuja kuona mashine itakayommeza.

"Ndiyo hiyo?" akauliza. "Kadogo hivyo? Kisiwa kizima kitaenea humo?"

"Kitaenea, Mjomba. Tatizo si ukubwa. Inaandika polepole, sijui kwa nini."

"Mimi najua. Leta hapa." Akaichukua diski na kimfuko chake, akaipima mkononi kama anayenunua samaki. "Baridi hiyo, mwanangu. Boti yangu mwezi huu haiamki mpaka niivalishe blanketi injini na kuibembeleza. Mkate wenyewe hauumuki mpaka umefunikwa koti. Wewe unataka kitu kifanye kazi bila kupashwa moto? Chuo gani hicho ulisoma?"

"Mjomba, haya mambo hayako kama—"

"Kaa, tazama."

Akaiweka diski kwenye rafu juu ya jiko, akavua kofia yake na kuifunika. Delphine hakuwa na moyo wa kumkatalia mzee anayehama keshokutwa. Akachomeka waya, akawasha kamera. Mjomba Hedley akaanza kuhesabu meno yake kwa ulimi, akingoja. Hakuwa amemaliza safu ya juu taa nyekundu ikazimika. Haikuwahi kuzimika mapema kiasi kile.

"Haipendi kofia yangu," mzee akasema. "Ina kiburi."

Delphine alinyoosha mkono kuishusha, akaurudisha haraka. Ilikuwa moto kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Akabaki amesimama na vidole mdomoni, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe kichwani mwake. Diski inapoandika hupata joto. Joto likizidi, hupunguza kasi kwa makusudi isije ikaungua. Miezi yote ile ilikivumilia kimfuko cha sufu kwa sababu nyumba ilikuwa ya kugandisha maji. Siku nyumba ilipopata kuni kavu, ikazidiwa.

Aliivua diski kofia, akaivua kimfuko, akaiweka uchi kwenye kizingiti cha dirisha na kulifungua dirisha kidogo. Akapima. Mia tano. Akaacha kipimo kikimbie huku Mjomba Hedley akilalamikia upepo, na namba haikushuka hata chembe. Akairudishia kimfuko. Haikupita muda, ikaporomoka. Akakivua. Ikapanda.

"Mjomba," alisema, "ulikuwa unaipika."

"Mimi? Mimi nimeikuta imeshavaa sweta. Nani kaivalisha?"

Hilo ndilo lililomfanya Delphine akose raha kwenye furaha yake. Akakiweka kimfuko mfukoni, akaenda kwa Shangazi Emeline Keeping, mama yake Selby, ili asije akakiona kimevuliwa mbele ya watu akaumia. Njiani alijipangia maneno. Akafungua mlango, akavua viatu, akaketi.

"Nani huyo?" Shangazi Emeline akauliza kutoka chumba cha pili.

"Mimi, Shangazi. Delphine."

"Mjukuu wa Thirza kaja mwenyewe? Leo theluji itakuwa nyeusi." Akatokea akijikongoja, akakaa. "Sema, mpenzi. Ukianza kuona haya tutakesha."

"Nilitaka kukushukuru kwa kile kimfuko. Na kukuomba radhi, maana itabidi nikivue. Si kwamba ni kibaya. Ni kizuri mno. Kinatia joto kuliko inavyotakiwa."

"Kimfuko gani?"

"Cha sufu. Ulichonifumia."

Shangazi Emeline akanyanyua mikono yake na kuitandaza mezani. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama mizizi. "Vidole hivi, mwanangu, havifungui hata chupa ya jamu. Sindano nilishaziaga." Akamtazama Delphine, jicho moja limefinywa. "Rangi gani?"

"Bluu na nyeupe."

"Ahaa." Akaanza kucheka taratibu, kifua kikitikisika. "Sweta la marehemu baba yake limepungua mkono mmoja. Limefumuliwa mpaka begani. Na mimi nimetega mitego ya panya nyumba nzima."

Delphine aliwaka masikio. Alitamani kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kuomba maji ya kunywa.

"Usimwambie nimekwambia," Shangazi Emeline akasema. "Au mwambie. Mimi nimechoka kungoja. Kuni zangu nazo zinahama zenyewe usiku."

Jumapili ukumbi ulijaa mapema. Harufu ya kabichi na nyama ya chumvi iliwafuata watu kutoka majumbani mwao. Delphine aliweka bati la keki kifudifudi kwenye kizingiti cha dirisha, juu yake diski, uchi, na dirisha akaliinua upana wa kiganja. Upepo wa baharini ukaingia moja kwa moja.

"We mtoto, unatuua," akasema mwanamke mmoja wa kwaya.

"Samahani, Shangazi. Ni kwa ajili ya wimbo."

"Wimbo gani unaoimbwa na maiti?"

Watu wakacheka, wakavaa makoti yao tena. Hapo ndipo Selby alipoingia amebeba viti vinne kwa mkono mmoja. Aliangalia kamera, akafuata waya kwa macho hadi dirishani, akaiona diski. Alitazama pale kimfuko kilipopaswa kuwa. Delphine alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa amejipangia tangu jana yote yalikuwapo, yamesimama foleni, na hakuna hata moja lililotaka kutangulia. Selby akainama, akaanza kupanga viti, na alivipanga vizuri kuliko viti vinavyohitaji kupangwa.

Mjomba Hedley akapanda jukwaani, akavua kofia, akaishika kama sahani ya sadaka.

"Naanza," akasema. "Mwenye kikohozi akohoe sasa."

Wakakohoa wote. Akaanza.

Mbuzi akaruka kutoka kwenye meli. Akala kamba ya mpishi, akaingia kwa akina Critch wakiwa kwenye sala, akatoka na kitambaa cha meza. Mkono wa mzee ulikwenda kushoto, hapa mlango, pale kibanda cha samaki. Wazee waliitikia mwisho wa kila ubeti, na watoto walicheka mbuzi alipokula kofia ya padri. Taa nyekundu iliwaka bila kutikisika. Delphine, visikilizio masikioni, alipumua mara moja kwa kila ubeti.

Wimbo ulikuwa umevuka nusu alipoona mtu anainuka. Ni yuleyule wa kwaya, anakwenda kwa kunyata, mkono umenyooshwa kuelekea dirishani, jinsi mtu wa Sallow Cove anavyofunga dirisha la Machi bila hata kufikiri. Na bati la keki lilikuwa palepale linapoteremkia dirisha. Akilishusha dirisha, angeusukuma waya, na wimbo ungekatika. Delphine hakuweza kupiga kelele. Kamera ilikuwa inasikia. Hakuweza kuondoka, alikuwa ameshikilia mpini wa kamera ikimfuata mzee. Akamtafuta Selby kwa macho, akampata amesimama ukutani. Akamwonyesha dirisha. Akamwonyesha diski. Kisha akajipepea usoni kwa mkono, haraka haraka, kama mtu aliyeketi karibu na moto, na akakunja uso kumwomba.

Selby alimtazama kwa muda ambao kwa Delphine ulikuwa wa ubeti mzima. Halafu akatembea kwa hatua ndefu bila kishindo, akafika kabla ya yule mama, akaweka mkono wake chini ya fremu ya dirisha. Yule mama akamnong'oneza kitu kikali. Selby akatikisa kichwa. Akanong'onezwa tena. Akabaki palepale, mpole kama nguzo, mkono wazi kwenye upepo, na mama akarudi kitini akijifunga mtandio.

Mbuzi akaendelea na safari yake. Sauti ya Mjomba Hedley ilianza kukwaruza, lakini hakusimama. Na karibu na mwisho, alipoinua mkono wa kulia kuelekea mashariki, Delphine alijua kabla hajasikia.

*Akafika kwa Thirza mlango ukiwa wazi,*
*mlango wa mashariki, jua limo ndani;*
*Thirza hakushika fagio wala fimbo,*
*alimwambia, Keti, chai imo birikani.*

Basi ni hivyo. Katika kisiwa kizima, nyumba moja tu haikumfukuza mbuzi. Delphine alibana meno asije akatikisa kamera, na machozi yakamshuka hadi kidevuni bila kufutwa, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Mbuzi akarudi melini. Watu wakapiga makofi na miguu mpaka vumbi likapanda. Delphine akangoja hadi Mjomba Hedley alipoinama mara ya tatu, akabonyeza kitufe cha kusimamisha, akafungua faili, akaenda mwanzo, akaenda katikati, akaenda mwisho. Kisiwa chote kilikuwamo.

"Imenimeza?" Mjomba Hedley akauliza kutoka jukwaani.

"Imekumeza mzima, Mjomba."

"Basi nipeni chai, nife kwa kitu kingine."

Watu wakamiminika kwenye meza ya chai. Delphine akaenda dirishani. Selby bado alikuwa ameshikilia fremu.

"Unaweza kuliachia," akamwambia. "Imekwisha."

Akaliachia. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, havikukunjika vizuri. Delphine alitia mkono mfukoni, akatoa kimfuko cha bluu na nyeupe, akamvisha mkononi. Kiliishia nusu ya kiganja. Kidole gumba kikatokea kwenye tundu la waya.

"Kumbe unacho," Selby akasema.

"Nilikivua jana. Diski inapata joto ikifanya kazi. Ikivaa hiki inaanza kutambaa ili isiungue. Nimehangaika siku tatu kujua."

"Siku tatu kwa sababu ya hiki?"

"Na kuni zako. Zimefanya nyumba iwe na joto mno."

"Kuni pia." Akakitazama kidole gumba chake. "Kwa hiyo ni mimi niliyekaribia kumuua mbuzi."

"Karibu kabisa."

Akacheka, naye Delphine akacheka, wote wawili wakitazama chini. Halafu kicheko kikaisha na hakuna aliyeondoka.

"Mama yako anakutegea mitego ya panya," Delphine akasema. "Kwa ajili ya sweta."

Selby akawa mwekundu kuliko vidole vyake. Alitazama meza ya chai kama anayepima umbali.

"Selby," Delphine akasema, na sauti yake ikatoka ndogo ila ikatoka. "Siku nyingine usiishie barazani. Mlango wangu nao uko wazi. Na diski haisikii baridi. Hata siku moja haijawahi kusikia baridi."

"Najua," Selby akasema. Akavuta pumzi kama Mjomba Hedley kabla ya ubeti wa kwanza. "Diski niliitafuta tu iwe sababu. Ni wewe, Delphine. Nilikuwa nakuwaza wewe, umekaa peke yako kwenye baridi, na nilitaka nije nikae na wewe."